Mwenye Bahari ya Kioo na Deni Lake

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, hata ile iliyo mbali sana na pwani, mtu aweza kuingia sebuleni mwa jirani yake akaona jambo la ajabu: kipande cha bahari kimesimama kando ya ukuta. Ni tangi la kioo, urefu wake yapata mita moja. Ndani yake mna maji ya chumvi, na katika maji mna miamba, na juu ya miamba yameota matumbawe hai, ya kijani na ya zambarau na ya manjano, nayo yayumba polepole kama nyasi zipigwazo na upepo. Samaki wadogo wapita katikati yake. Nje theluji yaanguka, na ndani ya kioo ni bahari ya nchi za joto.

Wasomaji wetu wa pwani huyaona matumbawe bure, maji ya bamvua yakupwapo na mwamba ukawa wazi. Wasomaji wa bara huenda wameyaona katika kuta za nyumba za kale tu, yakiwa mawe na chokaa, uhai wake umekwisha kutoka zamani. Lakini mwenye tangi lile ameyatia nyumbani mwake yakiwa hai, naye hutumia fedha na saa nyingi ili yaendelee kuishi. Basi huzuka swali, ambalo twataka kulitafakari pamoja nanyi: Je, ni haki kumtoa kiumbe katika bahari pana na kumtia katika sanduku la kioo, kwa sababu tu ni mzuri machoni petu?

Wako wanaojibu upesi, wakisema, Si haki hata kidogo, maana hicho ni kifungo. Na wako wengine wanaojibu upesi vile vile, wakisema, Ni haki, maana samaki ni samaki, na aliyenunua amenunua. Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili ni mepesi mno. Afadhali tuitazame kwanza kazi yenyewe, jinsi ilivyoanza na jinsi inavyofanywa, kisha tupime. Na neno letu ni hili: mtu akimtoa kiumbe katika nyumba yake na kumweka katika nyumba ya kwake, amekopa. Kila kitu ambacho bahari ilimpa kiumbe yule bure, sasa ni juu ya mtu huyo kukitoa, leo na kesho na kesho kutwa. Asiyeweza kulipa, asikope.

Tuanze na habari za bibi mmoja Mwingereza, jina lake Anna Thynne, aliyekaa London. Mwaka 1846 alikwenda Torquay, mji ulio pwani ya kusini ya Uingereza, akaona huko matumbawe madogo ya maji ya baridi. Yalimpendeza sana, akayatia katika chombo cha maji ya bahari na kuyachukua mpaka mjini. Lakini London haina bahari, na maji yasiyotikiswa hupungukiwa na hewa, na viumbe vilivyomo hufa. Afanyeje? Alimwagiza mtumishi wake wa nyumbani ayamimine maji yale kutoka chombo hiki kwenda chombo kile, mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, muda mrefu, ili hewa iingie. Baadaye bibi alitia mwani ndani ya maji, kwa kuwa mwani hutoa hewa ile ile ambayo wanyama huivuta, na kwa njia hiyo matumbawe yake yaliishi karibu miaka mitatu.

Watu wengi humsifu bibi huyo kuwa miongoni mwa wa kwanza waliofaulu kazi hii, na sifa yake ni ya haki. Walakini sisi twamkumbuka pia yule mtumishi. Pale Torquay mawimbi yaliyatikisa maji usiku na mchana, wala hakuna aliyeyalipa. Siku matumbawe yalipoingia nyumbani, kazi ya mawimbi iliangukia mikono ya binadamu mmoja, naye hakuwa yule aliyeyatamani. Leo twatumia pampu za umeme mahali pa mikono yake, lakini kanuni haikubadilika. Bahari haikai ndani ya nyumba kwa hiari yake. Lazima awepo mtu wa kuichukua mabegani.

Baada yake alikuja Philip Henry Gosse, mtaalamu wa elimu ya viumbe, ambaye pia alikuwa mhubiri. Mwaka 1853 nyumba ya kwanza ya kuonyeshea samaki hai katika vioo ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, naye alikuwa mmoja wa waliosaidia kuijaza. Mwaka 1854 alitoa kitabu chenye picha nzuri za rangi, akiwafundisha watu jinsi ya kujitengenezea akwariamu, yaani tangi la namna hiyo, nyumbani. Watu wakakipenda mno. Wakashuka pwani kwa makundi, na ndoo na nyundo na patasi, wakabandua katika mabwawa ya miamba kila kilichokuwa kizuri. Wengi hawakujua kutunza, na viumbe vile vilikufa upesi. Wakarudi kuchukua vingine. Miaka mingi baadaye, katika mwaka 1907, mwanawe Edmund aliandika kwa uchungu ya kuwa mabwawa aliyoyajua utotoni yalikuwa yamekwisha uzuri wake, na ya kuwa hata baba yake alihuzunika kuona vitabu vyake vimewaongoza watu kuharibu kile alichokipenda.

Tazameni jambo hili, wasomaji. Hakuna hata mmoja katika watu wale aliyeichukia bahari. Wote waliipenda. Basi mapenzi peke yake si ulinzi. Mtoto aliyempenda kifaranga akamkumbatia usiku kucha, asubuhi humkuta amekufa kifuani pake. Mapenzi yasiyo na maarifa wala subira huua sawasawa na chuki, na tofauti ni kwamba mwenye kuua kwa mapenzi hulia.

Sasa tutazame jinsi kazi hii inavyofanywa siku hizi, maana ndani yake mna mafundisho.

Mtu huanza kwa kutafuta mahali penye nguvu pa kuliweka tangi. Tangi la lita 200, ambalo ni la kiasi tu, hubeba maji ya uzito wa kilo zaidi ya 200, mbali na mawe na mchanga. Kisha hutafuta maji safi. Maji ya bomba hayafai yalivyo, kwa sababu huwa na dawa za kuulia vijidudu, na pengine shaba iliyotoka katika mabomba. Na shaba, hata ikiwa chembe ndogo, huwaua kamba na konokono na matumbawe. Kwa hiyo maji husukumwa kwanza katika chujio la namna ya pekee, linalozuia karibu kila kitu kilichoyeyuka ndani yake. Baadaye hutiwa chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, gramu 35 hivi kwa kila lita, kama ilivyo katika bahari yenyewe. Huwekwa kipimajoto na chombo cha kupashia maji moto, ili joto lisipungue sentigredi 24 wala lisizidi 27. Huwekwa pampu za kuyaendesha maji yaende na kurudi, na taa kali mahali pa jua, na chombo cha kupiga povu linaloondoa uchafu kabla haujaoza.

Halafu huingizwa mawe, nayo yafaa yawe yenye matundu mengi. Na hapo, wasomaji, kazi yasimama. Tangi limejaa, taa zinawaka, maji yanazunguka, mwenye nyumba ametumia fedha nyingi, nalo halina samaki hata mmoja. Inampasa kungoja majuma manne au sita, na pengine zaidi.

Je, angoja nini? Angoja kitu asichoweza kukiona kwa macho. Chakula kilichobaki na choo cha samaki vikioza majini hutoa amonia, nayo ni sumu. Lakini wako vijidudu viitwavyo bakteria, vinavyokaa juu ya mawe na mchanga, na kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Kisha wako bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali kama ile ya kwanza, na mwenye tangi aweza kuipunguza kwa kubadili sehemu ya maji, tuseme sehemu moja katika kumi kila juma. Bakteria hao hawaongezeki kwa siku moja. Mtu huwatilia amonia kidogo wapate kula, kisha huyapima maji, na kuyapima tena, mpaka aone ya kuwa amonia na nitriti vimetoweka kabisa. Ndipo aweza kuingiza kiumbe cha kwanza.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Siku ya tatu maji hung'aa kama bilauri iliyooshwa, na mtoto auliza, Baba, samaki watakuja lini? Baba naye aona haya kuwa na sanduku tupu sebuleni, wageni wakimwuliza. Basi aenda dukani kurudi na samaki wanne wazuri. Siku chache baadaye wapanda juu ya maji wakihema, na kabla juma halijaisha wote wamekufa. Maji yalikuwa meupe, lakini hayakuwa tayari. Tumezoea kusema haraka haraka haina baraka, na mara nyingi twasema kwa mzaha, kwa kuwa aliyefanya haraka hupata hasara yake mwenyewe. Lakini huyu alifanya haraka na hasara ikawapata wengine. Hiyo ndiyo sababu twasema ya kuwa subira hapa si adabu nzuri tu. Ni haki ya yule atakayekuja. Kuitengeneza nyumba kabla ya kumwita mgeni ndiyo heshima ya kwanza.

Baada ya samaki mmoja au wawili, na konokono wa kula mwani, miezi hupita, ndipo matumbawe huingia: kwanza yale laini yenye kuvumilia, na yale magumu baada ya miezi sita au mwaka. Maana tumbawe si jiwe wala si ua. Ni kundi la wanyama wadogo sana, kila mmoja ana kinywa na mikono laini iliyokizunguka, nao wamejijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao mnakaa mwani mdogo usioonekana, ambao huitumia nuru ya jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Maji yakipata joto kupita kiasi, umoja huo huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Likikaa hivyo muda mrefu hufa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe yakafa, na wavuvi waliyaona kwa macho yao.

Kwa hiyo mwenye tangi hupima kila juma: chumvi, joto, nitrati, na chokaa iliyoyeyuka, yaani kalsiamu, ambayo inapasa iwe kati ya miligramu 400 na 450 katika kila lita. Matumbawe yakikua huila, naye lazima airudishe. Maji yakipaa kama mvuke chumvi hubaki, kwa hiyo huongeza maji matamu kila siku, la sivyo maji yatakuwa makali. Wafugaji wazuri huandika vipimo vyote katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uhai wapotea upesi kuliko mali. Hata akitaka kusafiri, sharti amtafute mtu wa kukaa mahali pake, amfundishe, na kumsihi asiwape samaki chakula kingi kwa huruma, kwa kuwa kinachobaki huoza kuwa sumu.

Twajua methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hawezi kupewa jembe. Yeye hakupiga hodi, ameletwa. Siku ya elfu ni mgeni kama siku ya kwanza, na kila siku wewe ndiwe mvua yake, jua lake, mawimbi yake na mwezi wake. Mtu akifikiri hivyo kabla ya kununua, huenda asinunue, wala hatungemlaumu.

Lakini deni halianzi mlangoni pa nyumba. Lazima tuulize pia, samaki huyu ametoka wapi, na alikamatwaje? Maana samaki wengi wa maji ya chumvi wauzwao kwa mapambo hawakuzaliwa katika vioo. Walivuliwa baharini, na wengi wao katika visiwa vya Ufilipino na Indonesia. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wako wavuvi waliojifunza kuzamia na chupa yenye maji ya sianidi, sumu kali, na kuirusha katika matundu ya mwamba. Samaki hulewa, na kukamatwa ni rahisi. Wengine hufa pale pale, wengine njiani, na wengine hufika dukani wakiwa na rangi nzuri, huku ini na matamvua yao yameharibika. Na tumbawe lililopigwa sumu hufa. Sheria zakataza uvuvi huo, lakini mkono wa sheria haufiki chini ya kila mwamba.

Mnunuzi aliye mbali atasema, Mimi sikutia sumu. Ni kweli. Lakini fedha ina mikono mirefu. Shilingi itokayo mfukoni mwa mtu hapa yaweza kushika chupa kule, wala mwenye shilingi asisikie hata harufu yake. Kutokujua ni udhuru mara ya kwanza. Aliyekwisha ambiwa, akaendelea kununua bila kuuliza, udhuru huo hana tena.

Tena yuko samaki mmoja mdogo, mweupe mwenye mistari myeusi, akaaye kwa asili katika visiwa vya Banggai tu, upande wa mashariki wa Sulawesi, Indonesia. Dume lake huyachukua mayai kinywani, na kuwahifadhi humo hata watoto wakiisha kuanguliwa, wala hali chakula siku zote hizo. Kwa sababu ya uzuri wake alivuliwa kwa wingi mno tangu miaka ya 1990, hata mwaka 2007 akaandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Na jambo la kusikitisha ni kwamba samaki huyo hukubali kuzaa ndani ya tangi, hata nyumbani mwa mtu wa kawaida. Hapakuwa na haja ya kuvikausha visiwa vyake. Ilitakiwa subira tu.

Hapo huenda msomaji akasema, Basi mmekwisha hukumu: kazi hii ni mbaya, na iachwe. Ngojeni kwanza. Yako mambo mawili yanayotuzuia kusema hivyo.

La kwanza ni yule mvuvi. Si wote watumiao sumu. Hata katika pwani ya Kenya wako watu wanaozamia kwa nyavu ndogo, wakakamata samaki wa mapambo mmoja mmoja, wazima, ili wauzwe ng'ambo; na kwa kazi hiyo huwalisha watoto wao. Mtu wa namna hii anahitaji mwamba ulio hai, kwa maana mwamba ukifa hana cha kuuza. Wanunuzi wote wakiacha kununua kwa siku moja, wakajiona wamekuwa safi, yeye atakwenda wapi? Pengine atachukua jarifa la kukokota, na pengine atamfuata yule apigaye baruti, na mwamba utavunjika vibaya zaidi. Ni rahisi kuitakasa mikono yetu kwa kumwachia mwingine njaa. Kuuliza habari za mvuvi, na kumlipa vema yule avuaye kwa haki, ni kazi ngumu kuliko kususa, lakini twadhani ni karibu zaidi na wema.

La pili ni hili: kioo kimekuwa kimbilio. Huko Florida, katika Marekani, ulitokea ugonjwa wa matumbawe mwaka 2014, ukaenea katika mwamba wote wa pwani ile na kuua aina nyingi. Wataalamu waliona ya kuwa aina nyingine zitatoweka kabisa, wakaanza kuyatoa matumbawe mazima baharini kabla ugonjwa haujayafikia, na kuyagawa katika matangi sehemu mbalimbali za nchi ili yatunzwe. Mwaka 2019 tumbawe moja linalosimama kama nguzo lilizaa ndani ya nyumba ya samaki ya Florida, kwa sababu watunzaji wameyafuata majira ya jua na mwezi kwa taa zao. Na mwaka 2023, maji ya pwani ile yalipopata joto la kuua, watu walikimbilia baharini kuyachukua matumbawe waliyokuwa wakiyapandikiza, na kuyaleta nchi kavu, ndani ya vioo. Maarifa hayo ya chumvi na nuru na kalsiamu hayakutoka kwa wataalamu peke yao. Mengi yalipatikana katika nyumba za watu wa kawaida, waliokosea na kuandika makosa yao. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaeleza wenziwe jinsi mawe hai yanavyosafisha maji. Katika mji wa Berlin, Dietrich Stüber alikuza tumbawe gumu wakati ambapo wengi walifikiri haiwezekani, akavunja vipande na kuwapa wengine, nao wakawapa wengine, mpaka likafika nyumba nyingi asizozijua. Kipande kilichokatwa katika tangi la rafiki hakikuubomoa mwamba wowote.

Basi twaona ya kuwa kioo kile kile chaweza kuwa kifungo au kimbilio. Kioo hakikubadilika. Kilichobadilika ni mtu anayesimama mbele yake, na sababu yake ya kusimama pale.

Limebaki neno moja, na hili huwapotosha hata watu wenye moyo mwema. Mtu akichoka, au akihama, au samaki akikua mno, huenda akasema, Nitamrudisha baharini awe huru. Yaonekana kuwa huruma, lakini mara nyingi ni uharibifu. Yuko samaki ambaye Waingereza humwita samaki-simba, mwenye miiba ya sumu, ambaye kwetu katika Bahari ya Hindi ana mahali pake na adui zake. Mwaka 1985 alionekana katika maji ya Florida, ambako si kwao, na wataalamu wasadiki ya kuwa watu waliowafuga samaki hao ndio waliowaachilia. Leo wameenea katika bahari yote ya Karibi, wakila watoto wa samaki wengine, wala haipatikani njia ya kuwamaliza. Vivyo hivyo mwani mmoja uliotoka katika vioo ulionekana katika bahari ya Monaco mwaka 1984, nao ulikuwa kiraka kidogo tu; baadaye ulifunika maelfu ya hekta. Deni halilipwi kwa kulitupia jirani. Aliyechoka na amtafute mfugaji mwingine, ampe kiumbe chake, pamoja na daftari lake.

Sasa tulirudie swali letu. Je, ni haki? Jibu letu ni kwamba uzuri peke yake hautoshi kuwa sababu. Uzuri waweza kumwamsha mtu, lakini haumpi ruhusa. Anayetaka bahari nyumbani na ajiulize mambo matatu kabla ya kulitia maji tangi lake. Kiumbe huyu ametoka wapi, na ni nani aliyeumia ili anifikie? Je, nimeitengeneza nyumba yake hata ikawa tayari, au nataka tu kuonekana mbele ya wageni? Na tena, nitakapokuwa nimechoka, macho yamekwisha zoea, na hakuna anayesifu, je, nitaamka asubuhi kupima maji? Anayeweza kujibu matatu hayo kwa moyo mweupe, sisi hatuna neno juu yake. Tena pengine atajifunza mbele ya kioo kile uangalifu ambao wengi hawaupati mahali popote. Asiyeweza, na aende pwani maji yakupwapo, atazame, na kurudi mikono mitupu. Hilo nalo ni pendo.

Wengi wetu hatutakuwa na tangi la matumbawe kamwe. Bei yake ni kubwa, na umeme wetu hukatika. Hata hivyo neno hili latugusa. Yuko anayemfunga mbwa mnyororo mfupi apate kulinda, akasahau maji. Yuko anayemtoa mtoto wa ndugu yake kijijini, akimwambia mama yake, Nitamsomesha, na huko mjini mtoto akawa ndiye wa kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho, kama yule mtumishi wa London aliyemimina maji mbele ya dirisha. Kule kijijini alikuwa na bibi, na wenziwe, na mto wa kuogelea, bure. Tulipomwingiza ndani ya kuta zetu tulimtoa katika hayo yote. Yeye naye hakupiga hodi.

Basi kila mmoja wetu na azitazame kuta zake leo, ahesabu ni nani yumo ndani kwa sababu sisi tulimtaka, na aulize kama maji yake yamepimwa.